Profesa Odhiambo, bingwa wa wadudu aliyezaliwa Mombasa

Ukimwuliza mtu wa Mombasa akutajie watu mashuhuri waliozaliwa katika mji huu, atakutajia mashekhe, washairi, waimbaji wa taarabu na wanasiasa wa zamani. Mimi sijasikia hata siku moja mtu akimtaja Profesa Thomas Risley Odhiambo. Wala si ajabu, maana jamaa zake asili yao ni Nyanza, na yeye mwenyewe alisoma na kufanya kazi mbali na bahari. Hata hivyo ni hapa Mombasa alipozaliwa, tarehe 4 Februari 1931, nami nimeona ni haki wasomaji wa ukurasa huu wapate habari zake, hasa wale wenye makonde ya mahindi huko Kwale, Kilifi na Lamu. Kazi aliyoianzisha marehemu imewafikia makondeni mwao bila ya wao kujua.

Kazi yenyewe ilikuwa ni wadudu. Najua wapo watakaocheka. Mtu mzima, msomi mwenye shahada za Ulaya, atumie umri wake wote kuchungulia nzige, mchwa na mbung'o! Lakini sisi tuliosomeshwa chuoni tangu utotoni tunajua kwamba Kurani ina sura iliyopewa jina la nyuki, nyingine ina jina la chungu, na nyingine la buibui. Viumbe hivi vidogo havikudharauliwa huko, basi sioni kwa nini tuvidharau sisi. Na mkulima ndiye wa mwisho kuvidharau, kwa kuwa ndiye anayegawana navyo chakula chake kila mwaka, apende asipende.

Odhiambo alisoma katika shule ya Maseno, kisha akaenda Makerere, ambayo zama hizo ndiyo iliyokuwa kilele cha masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki nzima. Alifanya kazi Uganda katika idara ya kilimo, akishughulika na wadudu waharibifu wa mazao, na huko ndiko alikoyaona mambo kwa macho yake: mkulima ana ekari mbili au tatu, jembe lake na nguvu za watu wa nyumbani kwake, na mdudu anayemwinda hana ukubwa wa ukucha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapo ndipo alipokuwa akifundisha Profesa Wigglesworth, ambaye katika elimu ya miili ya wadudu hakuwa na mfano wake duniani. Odhiambo alimshughulikia nzige wa jangwani, yule yule anayetajwa katika visa vya njaa vya mababu zetu, akichunguza jinsi homoni mwilini mwake zinavyomfanya dume apevuke na kuwa tayari kuzaa. Alipata shahada ya udaktari wa falsafa na kurejea Kenya mwaka 1965, nchi ikiwa huru kwa mwaka wa pili tu.

Hapa ningependa msomaji aelewe hali ilivyokuwa mkulima alipotaka msaada. Mabwana shamba walikuwa na jibu moja kwa kila mdudu, nalo ni dawa ya kunyunyiza. Unga wa DDT ulitiwa katika kikonyo cha mhindi ili kuwaua bungua wanaotoboa mabua. Ni kweli dawa iliua. Lakini iliwaua na wale wadudu waliokuwa wakiwala bungua, ikabaki katika udongo na maji, na kwa mwenye ekari mbili bei yake ilikuwa ikila faida yote. Kitabu maarufu cha Bibi Rachel Carson, kilichowaamsha Wamarekani juu ya madhara ya DDT, kilitoka mwaka 1962, wakati Odhiambo yuko masomoni Cambridge. Huku kwetu habari hizo zilichelewa sana kufika.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na konde lake nyuma ya Msambweni. Alikuwa akipanda mtama, na katikati ya mtama akapanda kunde, na pembeni mahindi kidogo na viazi. Nakumbuka alikuja bwana shamba mmoja, jina lake simtaji, akamwambia kwamba kilimo kile ni cha kishenzi, kwamba mtu mstaarabu hupanda zao moja katika mistari iliyonyooka na kununua dawa. Mzee aliona haya mbele ya watu. Mwaka uliofuata akapanda mahindi matupu. Bungua wakamwingilia, na pesa za dawa hakuwa nazo, tukala muhogo mpaka tukauchoka. Kisa hiki nakieleza kwa sababu miaka mingi baadaye nilikuja kukuta jibu lake, na sikulikuta pwani. Nililikuta Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Turudi kwa Odhiambo. Mwaka 1967, akiwa mwalimu katika chuo kikuu cha Nairobi, aliandika makala katika gazeti la wanasayansi la Marekani liitwalo Science, akieleza sayansi itakavyoweza kuisaidia Afrika Mashariki kuendelea. Fikira yake, kwa kifupi, ilikuwa kwamba nchi zetu changa haziwezi kuwa na maabara bora kila mahali, kwa hiyo zijenge vituo vichache vya hali ya juu kabisa, na humo Mwafrika asiwe wa kubeba mitungi na kukamata panzi kwa niaba ya mgeni, awe yeye ndiye mwenye kuuliza swali na kulitafutia jibu. Mfano aliouchagua ni wadudu, kwani katika joto letu wadudu ndio wengi, na maradhi na njaa waziletazo ni zetu sisi.

Wapo waliomwona mwota ndoto. Lakini wakubwa wa sayansi walimsikiliza, miongoni mwao Carl Djerassi, mkemia wa Marekani ambaye kazi yake ilisaidia kupatikana kwa vidonge vya kuzuia mimba. Vyama vya wanasayansi vya nchi mbalimbali vikaunga mkono, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa likatoa fedha, na mwaka 1970 kikazaliwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, maarufu kwa herufi zake, ICIPE. Odhiambo akawa mkurugenzi wake. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Nairobi kilimfanya profesa wake wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Kituo kilianza katika vibanda vya Chiromo, jirani na chuo kikuu. Baadaye kilijenga makao yake Kasarani, na makao hayo yakaitwa Duduville. Jina hilo nalipenda. Wageni kutoka Japani, Uswidi na Marekani walilazimika kuanza kazi yao kwa kujifunza neno moja la Kiswahili.

Lakini mdudu wa maabara si mdudu wa shambani, na hilo Odhiambo alilijua tangu Uganda. Ndiyo sababu kituo kikafungua tawi Mbita, mahali ambapo nchi kavu inaingia ziwani na kukielekea kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Miaka michache iliyopita nilifika huko kwa feri kutoka Luanda Kotieno. Siku hizi Rusinga imeunganishwa na bara kwa daraja, pikipiki zinapita mchana kutwa, na harufu ya omena wanaoanikwa juani hukukumbusha harufu ya papa na ng'onda kwetu. Watu ni Wajaluo na Wasuba, wavuvi na wakulima. Mvua si ya kutegemewa na udongo umechoka. Aliyechagua mahali hapo hakutafuta shamba la maonyesho, bali alitafuta mahali ambapo dawa ikifaulu, itakuwa imefaulu kwa mtu maskini kweli.

Shida za mkulima wa Mbita zilikuwa zimepangana kama vigae. Wa kwanza bungua, funza wanaozaliwa na nondo na kupekecha bua la mhindi na mtama mpaka likavunjika. Wa pili ni mmea uitwao kiduha, ambao Wajaluo huuita kayongo. Maua yake ni ya zambarau, mazuri ya kutazamwa, lakini mizizi yake hunyonya mizizi ya mahindi kama kupe anyonyavyo ng'ombe. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo mithili ya vumbi, nazo zaweza kulala ardhini miaka mingi zikingoja mahindi yapandwe. Wa tatu ni udongo wenyewe. Na nyuma ya yote, katika bonde la Lambwe lililo karibu, kulikuwa na mbung'o, walioleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Maradhi hayo yaliripuka bondeni humo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Katika miaka hiyo ya 1980 wanasayansi wa Mbita walipanda mahindi, mtama na kunde, mara peke peke na mara kwa kuchanganya, wakahesabu bungua. Wakaona kwamba mtama uliopandwa pamoja na kunde hushambuliwa kidogo kuliko mtama uliopandwa peke yake. Niliposomewa habari hiyo nilinyamaza kidogo. Alichokuwa akikifanya babu yangu kule Msambweni, na akaambiwa ni cha kishenzi, ndicho kilichokuwa kikipimwa kwa rula na daftari na watu wenye shahada za udaktari. Sisemi kwamba wazee walijua kila kitu, kwani kiduha hawakukiweza. Lakini Odhiambo hakuanza kwa kuwadharau. Alitaka wataalamu wake waende kwa wakulima waone kwanza wanachokifanya na kwa nini.

Dhidi ya mbung'o kituo kilitengeneza mitego ya kitambaa ambayo mafundi wa kijijini waliweza kuishona, na chambo chake kilikuwa mkojo wa ng'ombe pamoja na kemikali moja rahisi. Kazi hiyo ilifanyika sana Nguruman, upande wa Umasaini. Kadhalika mwarobaini, mti ambao pwani hatuna haja ya kufundishwa faida zake, ulichunguzwa Mbita katika miaka ya 1990 kama dawa ya wadudu ambayo mkulima aweza kuitengeneza kwa mbegu alizoziokota mwenyewe.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu hapa pwani. Miongoni mwa bungua yuko mmoja asiye mwenyeji. Asili yake ni Asia, naye aliingia Afrika katika karne iliyopita, akaonekana Malawi kwenye miaka ya 1930, kisha akatapakaa mashariki yote ya bara hili. Pwani ya Kenya alistawi kuliko wenyeji, kwa sababu alikuja bila ya adui yake. Wanasayansi wa ICIPE wakamfuata adui huyo huko huko Asia, wakamleta kutoka Pakistan: nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, asiyemwuma mtu. Jike lake huingia katika tundu la bungua, akamdunga na kutaga mayai ndani ya mwili wake, na watoto wakianguliwa humla yule bungua kutoka ndani. Mwaka 1993 nyigu hao waliachiliwa katika makonde ya pwani yetu. Hapakupigwa ngoma wala kufanywa hafla kubwa. Walikaa, wakazaliana, na baada ya miaka bungua wa kigeni walipungua. Mkulima hakutoa senti moja, na hakuna aliyemjia kumdai.

Odhiambo aliacha uongozi wa kituo mwaka 1994, baada ya miaka ishirini na minne. Nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi, bingwa aliyewahi kuuokoa muhogo wa Afrika kwa njia hiyo hiyo ya kumtafutia mdudu adui wake. Kilimo ambacho leo kimeipa Mbita jina duniani ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kuchunguzwa, na si haki kusema kwamba Odhiambo ndiye aliyekivumbua. Aliyekiongoza ni mwanasayansi kutoka India, Zeyaur Khan, akishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya. Lakini nyumba ilikuwa ya Odhiambo, na maswali yaliyoulizwa ndani yake yalikuwa ni yale aliyoyazoea yeye.

Kilimo chenyewe huitwa sukuma-vuta. Mkulima hupanda mahindi yake, na katikati ya mistari hupanda mmea utambaao, wa jamii ya kunde, uitwao desmodiamu. Kuzunguka konde lote hupanda mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani ya tembo. Nondo wa bungua akija usiku kutaga, harufu ya desmodiamu humchukiza na kumsukuma atoke. Harufu ya mabingobingo humvuta, akaenda kutaga huko. Mayai yakianguliwa na funza wakajaribu kuingia katika bua la bingobingo, bua hutoa utomvu wa kunata, wengi wao wakafa. Hapo mkulima hajanyunyiza kitu.

Jambo ambalo hata wataalamu wenyewe hawakulitarajia ni lile la kiduha. Waliona kwamba kila palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilitoweka. Walipochunguza wakakuta kwamba mizizi yake hutoa kemikali zinazozidanganya mbegu za kiduha ziote, na nyingine zinazozizuia zisishike mizizi ya mahindi, basi zikafa njaa. Msimu hata msimu akiba ya mbegu ardhini hupungua. Tena mmea huo huutilia udongo naitrojeni, huufunika usikauke, na ukikatwa ni malisho mazuri ya ng'ombe na mbuzi, kama yalivyo mabingobingo.

Na hapo ndipo ilipo faida hasa. Nilipokuwa Mbita nilipelekwa kwa wakulima kadhaa, wengi wao wanawake, na walichonionyesha kwanza hakikuwa mahindi. Walinionyesha mabanda ya mbuzi wa maziwa. Mahindi ni ya kula, ziada ikauzwa. Maziwa ni ya fedha ya kila siku, na samadi yake hurudi kondeni. Wengine huuza malisho kwa majirani, wengine mbegu za desmodiamu. Mama mmoja alinihesabia kwa vidole karo ya shule aliyoilipa kwa maziwa, na alipofika kidole cha mwisho akaanza tena mkono wa pili.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba njia hii haina taabu. Mbegu za desmodiamu ni ghali na mara nyingi hazipatikani. Msimu wa kwanza kazi ya palizi ni nyingi, kwani mmea ukiwa mchanga hufanana na magugu na asiyejua huung'oa. Asiye na mfugo hupata nusu tu ya faida. Na anayelima konde la kukodi, leo lake kesho la mwingine, hana sababu ya kupanda mmea utakaomnufaisha mtu wa baada yake. Hili la mwisho sisi wa pwani, tulio na maskwota wengi, tunalielewa vizuri kuliko wanasayansi. Pamoja na hayo, wakulima zaidi ya laki moja katika Afrika Mashariki wameifuata njia hiyo, na viwavijeshi wa kutoka Amerika walipoingia Kenya mwaka 2017, makonde ya namna hii yalidhurika kidogo kuliko mengine.

Odhiambo hakuishi kuyaona yote hayo. Heshima alizipata: mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kukomesha njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alikuwa pamoja na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, katika kuanzisha chuo cha wanasayansi wa nchi zinazoendelea mwaka 1983, kisha akawa rais wa kwanza wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao Nairobi. Mimi lakini naona jambo kubwa zaidi alilolifanya mwaka huo wa 1983 ni mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika udaktari wa elimu ya wadudu hapa hapa Afrika, utafiti wakiufanya ICIPE na shahada wakipewa na vyuo vikuu vya kwao. Mamia wamepita humo.

Wapo waliomlaumu kwamba kituo chake kilitegemea mno fedha za wafadhili wa nje, na wakati wa uhai wake lawama hiyo ilikuwa na uzito, kwani mfadhili akikunja mkono, kazi husimama. Yeye mwenyewe alizilalamikia serikali za Afrika kwa kuitengea sayansi makombo ya bajeti. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Profesa Odhiambo alifariki dunia Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Tawi la Mbita sasa linaitwa kwa jina lake. Mombasa alikozaliwa hakuna mtaa wala shule niijuayo yenye jina hilo, ila nyigu wale wa 1993 bado wamo makondeni, na msimu wa mahindi ukifika mwenye subira aweza kupasua bua lililotobolewa akamkuta bungua amekufa, na kando yake kifundo cha vifukofuko vyeupe vya nyigu, kama mchele uliomwagika.